Siku Televisheni Ilipobebwa Begani Mbagala

Miaka yote ile tuliyokuwa tunakodisha televisheni, mie sikuwahi kukaa kiti cha mbele. Kiti cha mbele kilikuwa cha TV. Mume wangu ataiviringisha kwenye godoro la sponji, ataifunika shuka yangu nyeupe, nzuri, ya kuwekea wageni, ataikalisha kando ya dereva na kuizungushia kamba, halafu ananigeukia mie, mkewe wa ndoa, mama wa watoto wake, ananiambia, "Haya, panda nyuma ukalishike jenereta." Nyuma ya pikapu! Na jua la Dar, na vumbi la Kawe, na nywele nimesuka jana. Nikimlalamikia anacheka. "Wewe ukidondoka utainuka," anasema. "Hii ikidondoka ndo basi tena."

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, serikali imelegeza biashara. Vitu vimeanza kuingia, maduka yana rangi, lakini televisheni bado ilikuwa kitu cha kwenda kutazama kwa watu. Kituo chenyewe cha kurusha matangazo kwetu bara kilikuwa hakijaanza. Mwenye TV alikuwa na deki ya video, na mwenye deki alikuwa na kanda, na mtaa mzima unajua. Mume wangu alikuwa dereva wa shirika la umma, wakampunguza kazini pamoja na wenzake, akapewa kiinua mgongo chake. Wenzie walinunua mashine za kusaga. Yeye akaja nyumbani na televisheni ya kutoka Dubai, deki, na jenereta dogo la kubeba kwa mkono. Nililia, nisiseme uongo. Nilidhani kachanganyikiwa. Kumbe mwenzangu kaona mbali. Harusi zilikuwa zimeanza kupigwa video, na kila aliyeolewa alitaka kujitazama, na mitaa mingi ya pembeni haikuwa na umeme.

Kazi ile watu walidhani ni kuwasha na kuzima. Kazi ilikuwa njia. TV za siku hizo zilikuwa na kioo kizito mbele na kisogo kirefu nyuma, ukiitikisa vibaya inafika inaonyesha mistari tu. Mume wangu aliendesha gari kama mtu aliyebeba uji wa moto. Shimo analijua kabla halijamjua. Penye tuta anasimama kabisa, anashuka, analitazama, anapanda tena. Madereva wa nyuma wanampigia honi, wanamtukana mpaka na marehemu babu yake, yeye kimya. Mie ndiye niliyekuwa nawajibu, kwa kuwa niko nyuma na nimewaelekea, na mdomo Mungu kanijaalia.

Tena alikuwa na miko yake. Hakuacha kifaa mlangoni kwa mteja akaondoka. Alikaa nacho mpaka mwisho. Na akifika, hawashi. Wateja walikasirika hapo! TV ikitoka njiani, alisema, ina joto, ina jasho, lazima ipumzike kwanza. Anaifungua, anaigusa kwa mgongo wa kiganja, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa, kisha anaomba chai. Watu wamejaa sebuleni, bibi harusi kajipamba kuja kujiona, yeye anakunywa chai. Nilikuwa naona aibu. Lakini sijawahi hata siku moja kusikia mteja anasema picha yetu ilikuwa mbovu.

Sasa msimu mmoja wa masika alikuja kwetu Kawe binti mmoja kutoka Mbagala. Kaloa chapachapa. Nikampa kanga ajifute na chai ya tangawizi, akatueleza shida yake.

Alikuwa na kaka yake mzamiaji. Mnawajua wale vijana waliokuwa wanajificha kwenye meli bandarini ili wafike Ulaya. Kaka yake alizamia, na tangu siku hiyo hakuna barua wala salamu, miaka inakwenda. Baadaye vijana wengine wakarudi na habari kwamba amekutwa na wenye meli njiani, akatoswa baharini. Ndugu wakataka kumsomea hitima. Mama mtu akakataa katakata. Akasema hasomewi mtu ambaye yeye hajaonyeshwa maiti yake. Wakamwona ana kichaa. Wakasoma kwa mjomba, mama hakwenda.

"Sasa juzi," binti akasema, "kaja baharia kaleta kanda ya video. Ndani ya bahasha, juu pameandikwa jina la mama. Anasema kapewa na baharia mwenzake, naye kapewa huko Ugiriki. Hajui ndani mna nini."

Nikamwambia, "Si mngeitazama? Hapo Temeke mjini wenye video wapo."

"Mama hataki." Akaitazama chai yake. "Sie tuna ndugu walioko nje. Mmoja alipofariki huko, mazishi yake walituletea kwenye kanda hivihivi. Kwa hiyo hatujui, dada. Inaweza kuwa kaka. Inaweza kuwa kaburi lake. Mama anasema kama mwanangu yu hai nitamwona nyumbani kwangu, na kama kafa siendi kumlilia kwenye sebule ya watu."

Mie machozi yakanilenga pale pale. Mume wangu akauliza tu njia ya kwao ikoje, akauliza mabonde, akauliza madaraja, akauliza mlango wao una upana gani. Mwisho akamwambia, "Mwambie mama kesho mchana. Tutafika."

Kesho yake mvua ikanyesha toka alfajiri. Nikamwambia baba watoto, tuahirishe. Akaniambia, "Wewe ungeweza kuahirisha, ungekuwa yule mama?" Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu mie ni kazi. Akaifunga TV na deki kwenye godoro, akazungusha nailoni juu ya godoro, akazungusha shuka yangu juu ya nailoni ili upepo usiifunue, akaikalisha kitini pake. Binti alikuwa karudi kwao kumpa mama habari, na asubuhi kaja tena kutuonyesha njia, basi yeye na mie tukapanda nyuma na jenereta letu, tumejifunika turubai.

Tukauvuka mji salama. Barabara ya Kilwa salama. Tulipoiacha lami na kuingia mitaani kwao ndipo tulipolikuta bonde. Tope! Gari likaingia, likanguruma, likakaa. Tukasukuma. Vijana wawili waliokuwa wamejikinga mvua barazani wakaja wakasukuma. Likazidi kuzama, matairi hayaonekani. Mvua ikawa imepungua, imebaki manyunyu, lakini gari ndilo hilo, limefika mwisho wake.

"Turudi," nikasema.

"Turudi na nini?" akanijibu. Na kweli.

Akasimama kwenye tope lile, suruali imekunjwa magotini, anaitazama njia. Mtu mmoja kuibeba ile TV kichwani haikuwezekana, njia ilikuwa inateleza. Nyumba ya jirani palikuwa na mama anachoma maandazi, akatusikia, akasema, "Mie nina kitanda cha kamba. Si mtaiweka juu mbebe wanne?" Mume wangu akampigia saluti. Kitanda kikatolewa, furushi likalazwa katikati. Godoro lilikuwa limeviringishwa kwa urefu, TV upande huu, deki upande ule, shuka nyeupe juu. Akafunga kamba hapa na hapa. Mume wa yule mama akashika mguu mmoja, wale vijana wawili wakashika miguu yao, mume wangu akashika wa mbele kulia. "Tupandishe begani," akasema, "begani haitikisiki." Wakainua. Binti na mie tukalishika jenereta, huyu upande huu, huyu upande ule, tukafuata nyuma.

Hatujaenda mbali, nikainua macho.

Jamani. Watu wanne, mwendo wa taratibu, kitanda begani, juu yake kitu kirefu kimefunikwa shuka nyeupe. Nikamtazama binti, binti akanitazama. Kabla hatujasema neno, mtu mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli akashuka, akaiegemeza ukutani, akaiweka sawa kofia yake, akaja mbio akaingiza bega lake chini ya kitanda. "La ilaha illallah," akasema kwa sauti ya chini.

Kwa asiyejua, pwani jeneza likipita hakuna anayeuliza ni la nani. Unaacha ulichoshika, unatoa bega, hata kwa hatua chache, unampokea mwenzio, mwingine anakupokea wewe. Ni thawabu, na kila mtu anajua siku yake itakuja. Basi wakatoka. Mafundi seremala wakaacha randa zao. Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, mteja wake kabaki kitini kichwa nusu. Wauza mkaa, wauza samaki, wote. Kitanda kikawa kinapokelewa bega kwa bega, hakishuki, hakipandi. Penye dimbwi watu walisimama ndani ya maji ili kipite juu yao. Nawaambieni, ile televisheni ilikuwa imepita mikononi mwa mtu mwangalifu kuliko madereva wote wa Dar es Salaam, lakini haijapata kubebwa vile.

Mzee mmoja akatugeukia sie. "Nyie wanawake! Tangu lini mwanamke akafuata jeneza? Na hilo jenereta mnampelekea marehemu taa?"

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Hapo hakuna marehemu. Hiyo ni televisheni."

"Astaghfirullah!" Akaondoka akitikisa kichwa, akiamini nimerukwa na akili kwa uchungu.

Mbele huko mume wangu naye alikuwa kashaelewa. Angeweza kunyamaza. Mzigo unakwenda vizuri kuliko alivyoota, nani angejua? Lakini hakuwa mtu wa hivyo. Akapaza sauti. "Jamani, samahanini. Msiseme shahada kwa ajili yangu. Hii si maiti. Ni televisheni, gari letu limekwama."

Mmoja akaanza kucheka. Mwingine, jamaa mnene wa duka la mkaa, akatoa bega lake kwa hasira. "Mnatuchezea na mambo ya Mungu!"

"Sichezi, ndugu yangu," mume wangu akasema, bado kitanda kiko begani. "Nampelekea mama mmoja hapo juu. Ana kanda ya mwanawe wa meli. Hajui kama yu hai."

Aliyekuwa anacheka akaacha. Wote pale walimjua. Mtaa mzima ulijua habari ya yule mama aliyekataa kumsomea mwanawe. Yule mnene wa mkaa akasimama kidogo, akajifuta uso, akarudisha bega lake mahali pake. "Basi twendeni," akasema. "Mzigo kama huu hautuliwi njiani."

Wakaendelea. Hapo ndipo nilipowapenda watu wa Mbagala mpaka leo, na asiniambie mtu neno juu yao. Ila tatizo likabaki moja. Wa mbele wamejua, lakini kila uchochoro ulikuwa unatoa watu wapya, nao hawakuambiwa, nao walikuja na shahada zao midomoni, na msafara ukawa mrefu, na sauti ikapanda tena.

Binti akanishika mkono kwa nguvu. "Dada," akasema. "Mama atakuwa mlangoni. Tangu asubuhi atakuwa mlangoni anatungoja."

Mungu wangu! Tukakimbia. Na jenereta letu, petroli inamwagika, kandambili yangu moja imebaki kwenye tope mpaka leo. Tunapita pembeni ya watu, tunapiga kelele, nani atatusikia? Tulipotokea kwenye uwanja wa nyumba yao, kitanda kilikuwa kimeshaingia uwanjani.

Na yeye alikuwa mlangoni. Mama mfupi, mweusi, kajitanda kanga mbili. Jirani zake waliokuwa wamekuja kumpa moyo walikwishaanza kupiga yowe. Yeye hakulia. Aliinua mkono akawanyamazisha, akakitazama kitanda kile, akaifungua milango yote miwili kwa upana wote.

"Mleteni," akasema. "Mleteni ndani kwangu."

Mie nikaketi juu ya jenereta. Mume wangu alisimama akawa kama kapigwa na shoti. Hakuweza kutua, hakuweza kusogea.

"Mama, shikamoo," akasema.

Hakuitikia.

"Mama, mie ndiye mwenye video. Gari limekwama bondeni, watu wametusaidia kubeba. Hatukuleta msiba. Hii ni televisheni uliyoagiza."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Kanda unayo mwenyewe, mama. Mie sijui. Nimeleta televisheni tu."

Akasogea mwenyewe, akaishika shuka, akaifunua, akaona nailoni, akaona godoro, akaingiza mkono akagusa kioo. Akakaa palepale chini. Ndipo akapumua, na sie sote tukapumua.

Hakuondoka mtu. Walikuwa wamekuja kama waombolezaji na wakakaa kama waombolezaji, wamechutama barazani na chini ya mapaa ya jirani, manyunyu yanawaangukia. Wamekwishabeba, sasa walitaka kujua wamebeba nini. TV ikaingizwa, ikawekwa juu ya meza. Madirisha yakazibwa kwa kanga. Mume wangu akaifungua, akaigusa kwa mgongo wa kiganja, na mie nilijua anachotaka kusema.

"Ina jasho," akasema. "Ipumzike kwanza."

Nilitaka kumuua. Kweli tena. Nikamvuta pembeni. "Wewe baba una roho ya jiwe? Mama wa watu yuko hali hii, unataka chai?"

"Sitaki chai," akaniambia. "Nikiiwasha sasa ikaungua, hatamwona leo wala kesho. Nimwambie nini?"

Yule mama alikuwa katusikia. "Mwache," akasema. "Nimemngoja mwanangu miaka yote hii, nitashindwa kuingojea televisheni?" Akachukua ncha ya kanga yake, akaanza kuikausha, kisogo, pembeni, polepole, kwenye vitundu vyote, kama mtu anayemkausha mtoto baada ya kumwogesha. Nje huko mtu mmoja alikohoa, akanyamazishwa.

Mwishowe mume wangu akaigusa tena, akatikisa kichwa kukubali. Akaunganisha nyaya, akaniambia nitakapobonyeza, akatoka kuliwasha jenereta. Jenereta likanguruma. Kioo kikawa na chenga, kikapiga mistari, kikatulia. Nikaingiza kanda.

Kikatokea chumba. Ukuta, pazia la kijani, na kiti. Kiti kitupu. Kiti kile kikakaa pale, na hakuna mtu, na hakuna sauti, na nikasikia jirani mmoja anaanza kusoma chini kwa chini, na nikajua kila mtu mle ndani anafikiri ninachofikiri. Mama alikuwa kashika ukingo wa meza.

Halafu mgongo wa mtu ukapita mbele ya picha. Mtu akaketi kwenye kiti. Akavuta kola yake, akaikagua kamera, akatabasamu bila kujua pa kutazama.

"Kanenepa!" dada yake akapiga kelele. "Mama, kanenepa!"

"Mama," yule kijana akasema. "Shikamoo."

Akanyamaza. Akainamisha kichwa, akangoja, kama alivyolelewa, mtoto haendelei na maneno kabla hajaitikiwa. Yuko Ugiriki, anazungumza na mashine, lakini alingoja.

"Marahaba," mama yake akasema. "Marahaba, baba. Umechelewa."

Sikuona kilichofuata, maana mie na wale majirani tulikuwa tumekumbatiana tunalia kama wendawazimu, na nje watu walikuwa wanapiga takbira, na kinyozi alikuwa anakimbia kurudi kwa mteja wake. Nakumbuka kwamba kila kanda iliporudishwa nyuma, na ilirudishwa mara nyingi, kijana akisalimia mama aliitikia. Hakuruka hata mara moja.

Nikatoka kumtafuta mume wangu. Nilimkuta kifua wazi, kaliinamia jenereta, shati lake kalitandaza juu yake kwa mikono miwili jenereta lisinyeshewe, lakini bila kuziba moshi. Mgongo unamchuruzika maji. Hajaona chochote, hajasikia chochote, kwa kelele ile.

"Yu hai," nikamwambia sikioni. "Kanenepa."

Akafumba macho kidogo. "Picha ilikuwa safi?" akauliza.

"Safi kabisa," nikasema, na nikamshikia lile shati upande mmoja. Nilikuwa namwonea fahari mpaka kifua kinauma.

Jioni ile akafanya jambo ambalo sijapata kumwona akifanya. Alimwachia yule mama televisheni ilale kwake, pamoja na deki na jenereta. Akamfundisha binti kuwasha na kuzima. Mama akatusindikiza mpaka uwanjani, akakitazama kitanda cha kamba kilichoegemezwa ukutani.

"Baba, kesho ukija kuichukua," akasema, "njoo na gari. Hicho kitanda kirudisheni, kikae huko huko bondeni." Akacheka, mara ya kwanza tangu tumwone, na sie tukacheka mpaka mbavu zikatuuma.

Wale wale waliobeba ndio waliotusukuma tukatoka kwenye tope. Nikaenda nyuma, kwa mazoea, nikashika ukingo nipande. Mume wangu akanifungulia mlango wa mbele.

Nikakaa. Kiti kilikuwa na alama ya kamba. Akaendesha vilevile kama siku zote, penye tuta akisimama, penye shimo akilizunguka, mpaka tukafika lami.

"Alipofungua mlango akasema mleteni ndani," akasema baadaye, "nilitaka kuitupa TV nikimbie."

"Usingeitupa," nikamwambia.

Akafikiri kidogo, macho barabarani.

"Nisingeitupa," akasema.